Kabla ya Kumwagilia Haidranjia

Wengi wanaopenda haidranjia huanza kuisumbukia mahali pasipo pake. Huuliza imwagiliwe mara ngapi, itiwe mbolea gani, ipogolewe vipi, na ni dawa gani ya dukani itakayoifanya iwe ya buluu kama ile waliyoiona kwenye picha za harusi. Maswali hayo yana majibu na nitayagusa, lakini miaka niliyoishi na mmea huu imenishawishi kwamba yote huja nyuma ya swali moja ambalo hatuliulizi: je, mahali hapa panaufaa? Haidranjia huongozwa na udongo, kimo na majira. Mkono wa mtunzaji una kazi yake, ila kazi hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani, na sehemu kubwa ya tunachokiita matunzo ama ni fidia ya mahali pabaya, ama ndiyo yenyewe inayouzuia mmea kuchanua. Najua dai hili litamuudhi mtu anayeamka alfajiri na ndoo mkononi. Basi acha nilitetee.

Tuanze na baridi, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Haidranjia inayopandwa sana majumbani, ile yenye majani mapana na mafungu ya maua yaliyoviringana, kwa jina la kisayansi Hydrangea macrophylla, asili yake ni Japani. Kule huchanua katika mvua za Juni, na katika mji wa Kamakura liko hekalu liitwalo Meigetsu-in ambalo hufurika watu kila mwaka msimu huo, wamekuja kuyatazama maua haya tu. Lakini ua la Juni halitengenezwi Juni. Tumba zake hujiunda miezi mingi kabla, kwenye ncha za matawi yaliyokua mwaka uliotangulia, pale joto linaposhuka. Wanaokuza haidranjia za vyungu kwa biashara wanalijua jambo hili kwa vipimo: mmea unahitaji majuma kadhaa, sita hivi au zaidi, ya joto lisilozidi sana nyuzi 18 za Selsiasi, ndipo ncha ya tawi iache kutoa majani na ianze kutengeneza ua. Joto likibaki juu, ncha huendelea kutoa majani tu, mapana, yenye afya tele, na mwenye bustani hubaki akijiuliza alikosea wapi.

Sisi hatuna majira ya theluji, ila tuna milima, na kimo huifanya kazi ya majira. Limuru iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Mufindi na Njombe nako usiku wa kipupwe, Juni hadi Agosti, watu hulala na blanketi mbili. Huko haidranjia hupata ubaridi wake bila mtu kuutafuta. Anayedhani kwamba ikweta yenyewe ndiyo kikwazo aitazame Kolombia, nchi inayopitiwa na ikweta kama Kenya na Uganda. Kolombia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa haidranjia za kukatwa duniani, na mashamba yake yako katika milima ya Antioquia, karibu na Medellín, kwenye kimo cha mita 2,000 na zaidi. Hakuna aliyewapelekea baridi ya Ulaya. Walipanda pale ambapo mlima ulikwisha kuileta.

Hapa ndipo mkaaji wa Dar es Salaam au Mombasa huleta pingamizi lake, na ni pingamizi la haki: mbona haidranjia zinauzwa hapa mjini, kwenye vyungu, zimechanua tele? Zimechanua, ndiyo, lakini hazikulifanya ua lao hapa. Mmea wa chungu huwekwa kwanza penye ubaridi hadi tumba zikamilike, kisha hupelekwa penye joto ili zifunguke, na mnunuzi hupokea kazi iliyokwisha kufanyika kwingine. Ua hilo likichakaa, mmea hubaki na kumbukumbu ya baridi iliyokwisha kutumika. Mwenye nyumba huona majani yanaongezeka na maua hayarudi, hudhani mmea una njaa, huongeza samadi au urea. Naitrojeni hufanya inachojua kufanya, yaani kuongeza majani. Nimewahi kusikia pendekezo la kuweka chungu karibu na kiyoyozi usiku kucha. Sina la kusema juu ya bili ya umeme, ila upepo mkavu wa mashine ile hukausha kingo za majani. Kwa anayeishi pwani, ushauri wa kweli ni kuichukulia haidranjia ya chungu kama ua la kukatwa linalodumu muda mrefu: lifurahie majuma yake, kisha mpe rafiki wa Lushoto. Ardhi ya pwani ina asumini na mkilua, na sioni ni kwa nini mtu aione haya.

Baada ya baridi, udongo. Hapa mmea huu una jambo ambalo mimea michache ya bustani inalo: huutangaza udongo wake kwa rangi. Rangi ya waridi na rangi ya buluu hutokana na kemikali ileile moja katika ua, aina ya anthosiyani. Kinachozitofautisha ni alumini. Penye alumini ya kutosha ndani ya ua, kemikali hiyo hushikamana nayo, pamoja na viambata vingine vya mmea, na ua huwa buluu. Pasipo alumini hubaki waridi. Alumini ikiwa ya kiasi, hutokea zambarau na rangi za katikati zisizo na jina. Alumini yenyewe haikosekani popote, maana ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia. Tofauti ni kama imefungwa au imefunguliwa. Katika udongo wenye tindikali, wenye pH ya chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka na mizizi huinywa. pH ikizidi 6.5, alumini hujifunga kwenye udongo, na mmea unaweza kusimama juu ya shehena yake usipate hata chembe. Mwanafunzi anayekumbuka litmasi ya darasani atashangaa, kwa kuwa karatasi ile huwa nyekundu kwenye tindikali, nalo ua hili hufanya kinyume. Sababu ni kwamba ua halipimi tindikali moja kwa moja. Linapima kile ambacho tindikali imekifungua.

Jambo hili lilijulikana kwa hakika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, na mmoja wa waliolishughulikia ana uhusiano na kwetu. Mwaka 1937, E. M. Chenery aliandika katika jarida la Royal Horticultural Society la Uingereza kuhusu tatizo la haidranjia ya buluu. Baadaye alifanya kazi Uganda, katika kemia ya udongo, na mwaka 1955 akachapisha uchunguzi kuhusu alumini na mchai. Mwaka 1960 ukatoka utangulizi wake wa udongo wa Uganda. Kwa mtazamaji wa haraka, maua ya bustani ya Kiingereza na chai ya Afrika Mashariki ni mambo mawili. Kwa mtu wa udongo ni jambo moja. Mchai nao hupenda tindikali, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi, nao hujaza alumini katika majani yake makuukuu bila kudhurika. Ndiyo maana katika nyanda za chai haidranjia huelekea kuwa buluu bila mtu kuitia chochote, na ndiyo maana anayeichukua kutoka kwa shangazi yake huko juu na kuipanda kwenye kiwanja cha mjini huona maua ya msimu unaofuata yamegeuka waridi, akadhani ameibiwa mbegu.

Tuje sasa kwenye pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya dai langu. Mtu atasema: kama rangi ni alumini, basi nitatia alumini, na mahali pangu hapana neno tena. Ni kweli kwamba inawezekana. Salfeti ya alumini huuzwa kwa kazi hiyo hasa, na shabu, ile inayotumika kusafishia maji ya kisimani, ni chumvi ya alumini vilevile; ukiyeyusha kidogo katika maji mengi na kumwagia udongo uliokwisha kuloa, mara kadhaa katika msimu, maua yataanza kuelekea buluu. Ukizidisha, mizizi huungua. Anayetaka waridi atatia chokaa, polepole. Sikatai lolote kati ya hayo. Ninachokataa ni imani kwamba ukishatia umemaliza. Udongo una tabia yake, nayo hurudi. Kama kiwanja chako kina mawe ya matumbawe, au maji ya kisima chako ni magumu, kila ndoo unayomwaga inaondoa kile ulichotia juzi, na umejiajiri kazi isiyo na likizo. Tena kiwanja cha namna hiyo hakiishii kwenye rangi: majani huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa kuwa chuma nacho kimefungwa. Tiba za jirani, misumari yenye kutu na machicha ya kahawa, sijaona sababu ya kuziamini. Kutu ni chuma, na buluu haitokani na chuma. Machicha yaliyokwisha kupikwa yana tindikali ndogo mno kuubadilisha udongo.

Lililo la ajabu zaidi ni kwamba mara nyingi tayari tumetia kitu, ila bila kujua. Majivu ya jiko humwagwa shinani mwa maua karibu katika kila ua wa nyumba ninaoufahamu, kwa hoja kwamba yanafukuza wadudu, na majivu hupunguza tindikali vizuri sana. Ukuta mpya hudondosha saruji na chokaa kila mvua inyeshapo, kiasi kwamba kichaka kimoja huweza kuwa na maua ya waridi upande wa ukutani na ya zambarau upande wa nyasi. Mbolea ya DAP, ambayo mkulima anayo nyumbani kwa ajili ya mahindi, ina fosforasi nyingi, na fosforasi huikamata alumini kabla ya mizizi kuifikia. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu huongeza na kalisi juu yake. Kwa hiyo yupo anayenunua dawa ya kuleta buluu huku mwenyewe akiifukuza buluu kwa mkono wa pili. Hatua ya kwanza ya matunzo kwa mtu huyo haimgharimu shilingi: apeleke majivu kwenye sukuma wiki.

Kupogoa ni mfano mwingine wa bidii inayodhuru. Kwa kuwa tumba za aina hii ya haidranjia hukaa kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukua, anayekata kichaka chote mviringo, mwishoni mwa kipupwe, ili bustani ipendeze kabla ya mvua za vuli, amekata maua yote ya msimu unaokuja. Kichaka hakitakufa. Kitaota upya, kijani, imara, na mwenyewe ataona amefanya kazi njema hadi atakapongoja ua lisilokuja. Wakati wa kukata ni mara ua linapochakaa, na ukate kidogo, juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonenepa. Nakubali hoja ya wanaosema kwamba kichaka kisichoguswa kabisa hujaa matawi makongwe na maua yake huwa madogo. Lakini dawa yake ni kuondoa matawi mawili matatu ya zamani kutoka chini kabisa, yaliyobaki yapate hewa na mwanga, na ncha zake ziachwe. Waswahili wanaoishi Minnesota au Kanada wana hesabu nyingine. Kwao baridi huua tumba za aina hii, ndiyo sababu majirani zao hupanda Hydrangea paniculata na Hydrangea arborescens, ambazo huchanua kwenye matawi mapya na hukatwa vizuri mwishoni mwa majira ya baridi. Ushauri wa kupogoa unaosomwa kwenye pakiti ya huko, ukiletwa Limuru, huharibu.

Maji nayo yanahitaji kusemwa, ijapokuwa kwa ufupi, kwa sababu ndiyo tunayoyaona kuwa kiini cha matunzo. Jani la haidranjia ni pana na hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, kwa hiyo saa saba mchana majani hulegea hata pale udongo ulipo na unyevu wa kutosha. Jioni hujiinua yenyewe. Anayekimbilia ndoo kila aonapo jani limelala huzamisha mizizi, mizizi huoza, na mizizi iliyooza hailishi jani, ambalo hulegea zaidi, naye huongeza maji. Jaribio ni kidole: kiingize udongoni hadi kifundo cha pili, na kama kuna unyevu, ondoka. Zaidi ya hapo mahali hufanya kazi kuliko ndoo. Kichaka kinachopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwenye udongo uliochanganywa mboji na kufunikwa matandazo ya majani makavu yasiyogusa shina, hutaka sehemu ndogo ya maji yanayotakiwa na kichaka kilichopandwa katikati ya kiwanja kwa sababu tu pale panaonekana kutoka barabarani.

Yapo malalamiko mengine yanayostahili heshima. Kwamba ni ua la wageni, linahusiana na bustani za mabwana wa mashamba ya chai. Kwamba linakunywa maji. Kwamba haliliki, na ukweli ni zaidi ya hapo, maana lina sumu kwa mbuzi na mbwa wanaolitafuna, hivyo anayefuga mbuzi wa kuzurura alipande ndani ya uzio. Juu ya ugeni, onyo la kweli liko Azori, visiwa vya Ureno katika Atlantiki. Udongo wake wa volkano wenye tindikali umezifanya haidranjia za mipaka ya mashamba kuwa buluu kiasi kwamba kisiwa cha Faial huitwa cha buluu, na watalii hukipenda kwa hilo, lakini huko huko mmea huo umetoka bustanini na kuhesabiwa miongoni mwa mimea vamizi. Mahali panapofaa mno napo pana madeni yake. Anayeishi kando ya msitu wa Usambara, wenye mimea isiyopatikana kwingineko duniani, ana wajibu wa kutotupa matawi aliyokata kwenye ukingo wa msitu wenye unyevunyevu, kwa kuwa tawi la haidranjia huota mizizi bila kubembelezwa.

Lakini kwamba halina faida kwa anayelima chakula, hapo sikubali. Alumini ileile inayolifanya ua kuwa buluu ndiyo inayodumaza mizizi ya mahindi kwenye udongo wenye tindikali kali. Mizizi hufupika, haifikii maji wala fosforasi, na mkulima hulaumu mbegu. Haidranjia iliyobaki buluu iliyokolea kwa misimu mfululizo, bila kutiwa shabu, inaeleza habari za udongo ule ambazo mwenye nyumba angelazimika kuzilipia maabara. Haimwambii kiasi cha chokaa cha kutia, na haisemi lolote juu ya shamba lililo bondeni. Pia kuna aina nyeupe zisizo na rangi ya kubadilika, na aina zilizozalishwa zibaki waridi, ambazo hazisemi kitu. Hata hivyo ni ishara ya kutosha kumfanya amwite bwana shamba apime kabla ya kununua mfuko mwingine wa DAP. Mmea uliolaumiwa kwa kutolika unaweza kuwa ndio uliomsaidia mtu kula.

Mwenye kutaka kujua kama mahali pake panafaa hana haja ya kununua kichaka kikubwa kwanza. Achukue vipandikizi kwa jirani, vya matawi yasiyo na ua, vyenye urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, na macho mawili matatu. Majani ya chini yaondolewe, ya juu yakatwe nusu ili yasipoteze maji, kisha vichomekwe kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kwa mwezi hivi vitakuwa na mizizi. Kimoja kipandwe kando ya ukuta wa mashariki, kimoja chini ya mti mrefu usio na mizizi ya juujuu, kimoja pale anapopapenda mwenyewe, kisha aviache vipite kipupwe kizima, bila majivu, bila mkasi. Kimoja au viwili vitamjibu. Kilichokataa aking'oe, na nafasi yake aupe mmea mwingine.